UZI: Nilikuwa kwenye laini ya matrela Indiana korona ilipoingia. Unayesubiri janga jingine ili uingie biashara ya RV, soma kwanza

#1 FundiPaa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita binamu yangu aliyeko Ohio alinipigia simu. Amesikia habari za mafua ya ndege kuingia kwa ng'ombe wa maziwa huku Marekani, akapiga hesabu zake: korona ilipokuja RV ziliuzwa kama maandazi ya asubuhi, basi ikija nyingine zitauzwa tena. Anataka kukopa, achukue matrela mawili, ayaweke, asubiri. Akaniambia, "Wewe umeyatengeneza kwa mikono yako, nichagulie." Tuliongea saa nzima, na nilipokata simu nikaona bado sijamwambia nusu yake. Naandika hapa ili naye asome, na wengine wenye wazo kama lake wasome.

Kwa walioko nyumbani ambao hawajaziona: RV ni gari-nyumba. Kuna zenye injini yake, unakaa usukani unaondoka. Na kuna matrela ya kuvutwa na pikapu, ambayo ndiyo mengi. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Mmarekani analipeleka kambini, anachomeka umeme na maji, anakaa wiki. Zaidi ya asilimia 80 ya hizi gari-nyumba zinatengenezwa kaskazini mwa Indiana, katika mji wa Elkhart na vijiji vinavyouzunguka.

Mimi nilifika Goshen, jirani na Elkhart, mwaka 2016. Kuanzia 2017 hadi 2023 nilikuwa kiwandani, kwanza upande wa sakafu, baadaye paa. Kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri. Malipo ni kwa idadi: timu ikimaliza matrela yake ya siku hata saa saba mchana, mnarudi nyumbani. Kwa hiyo watu hawatembei mle ndani, wanakimbia. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Wazee niliowakuta kiwandani walikuwa na hadithi moja wanayoirudia kila wakati wa kahawa, nayo ni 2009. Mwaka ule viwanda vyote vya nchi vilitoa RV zipatazo 165,700 tu, na ukosefu wa kazi Elkhart ulikaribia asilimia 20. Rais Obama mwenyewe alikuja Februari ile, wiki chache tu baada ya kuapishwa. Biashara ikapanda pole pole hadi 2017, mwaka nilioanza mimi, zikatoka zaidi ya 504,000. Halafu ikaanza kushuka tena: 2019 zilikuwa kama 406,000. Hapa wengi wanakosea. Korona haikukuta biashara inapaa. Ilikuta biashara imeshuka miaka miwili mfululizo, na sisi tunafanya kazi siku nne kwa wiki.

Machi 2020 gavana akatoa amri watu wakae nyumbani kuanzia tarehe 25. Viwanda vikafungwa. Aprili, ukosefu wa kazi eneo letu ulikaribia asilimia 30. Asilimia thelathini, wakuu! Karibu mtu mmoja kati ya watatu. Mtaani kwetu pikapu zote zilikuwa zimeegeshwa mchana kutwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulikaa mezani tukahesabu: akiba inatufikisha Juni mwishoni. Kila mtu alikuwa anasema 2009 imerudi.

Mwanzoni mwa Mei wakatuita. Tulidhani ni kumalizia matrela yaliyobaki kwenye laini. Wiki ya tatu supavaiza akapanda juu ya ngazi na karatasi ya oda, akasema tunaongeza idadi ya siku. Wiki iliyofuata akaongeza tena. Julai nchi nzima ilitoa zaidi ya RV 40,000 kwa mwezi mmoja. Mwaka uliokuwa na mwezi mzima wa kufungwa ukaishia 430,000 na ushee, juu ya mwaka uliotangulia. Na 2021 ikawa 600,240, rekodi ambayo haijavunjwa.

Nini kilitokea? Nitaendelea, naenda kumchukua mtoto shuleni. Yule yule wa mimba ya miezi saba.

#2 KipangaWaTanga

Mkuu uzi mtamu huu, nimeweka kiti. Mtoto aongezewe maandazi.

#3 MuuguziMwema

Kaka FundiPaa, wakati unamfuata mtoto niseme kidogo, kwa sababu trela lilinisaidia kabla halijawa la starehe.

Mimi ni muuguzi, Texas. Machi 2020 nyumbani kwangu nilikuwa na mama mkwe, ana kisukari, na watoto wawili. Natoka wodi ya wagonjwa wa korona nikiwa sijui nimebeba nini kwenye nywele. Wiki ya kwanza nililala gereji. Halafu mwenzangu akanionyesha kundi la Facebook lililoanzishwa huku huku Texas mwezi ule ule, watu wenye RV walikuwa wanawaazima wahudumu wa afya bure. Familia moja, wala hatukuwa tunajuana, wakalileta trela lao wakaliegesha kwenye njia ya gari mbele ya nyumba yangu. Nilikaa humo wiki tisa. Jioni wanangu wanakuja nje ya dirisha, tunaongea kwa simu huku tunaangaliana kupitia kioo.

Kwa hiyo ukiniuliza korona iliuzaje RV, jibu langu la kwanza ni hili: watu waligundua kwamba ni chumba chenye choo chake. Kwenye ugonjwa wa kuambukiza, choo chako mwenyewe ni kitu kikubwa mno.

#4 FundiPaa (mleta uzi)

Dada MuuguziMwema, pole na ahsante. Umeniwahi, kwa sababu hapo hapo kwenye choo ndipo nilipokuwa nakwenda.

Fikirieni Mmarekani wa kawaida Mei 2020. Alikuwa na pesa za likizo. Ndege? Katikati ya Aprili abiria waliopita ukaguzi wa viwanja vya ndege nchi nzima hawakufika 90,000 kwa siku, wakati mwaka mmoja nyuma walikuwa zaidi ya milioni 2. Meli za starehe? Kila mtu aliiona Diamond Princess imekwama Yokohama Februari, watu zaidi ya 700 wameambukizwa ndani yake, na Machi meli zote zikapigwa marufuku kutoka bandari za Marekani. Hoteli? Hujui nani kalala pale jana. Sasa mtu huyo ana hundi ya serikali ya dola 1,200, mafuta chini ya dola 2 kwa galoni, riba ya benki kuu imeshushwa karibu na sifuri, watoto wanasoma kwa kompyuta, bosi kasema fanyia kazi popote. Yadi ya RV ipo nje ya mji, inauza nyumba yenye kitanda chake, jiko lake na choo chake. Ingekuwa ajabu asinunue.

Kwa hiyo janga halikufanya kazi peke yake. Kulikuwa na hofu, ndiyo, lakini kulikuwa pia na pesa mkononi, mkopo rahisi, mafuta rahisi na ruhusa ya kukaa mbali na ofisi. Vitano kwa pamoja. Binamu, ukisoma hapa tulia: ikija nyingine, utapata hofu. Hivyo vinne vingine nani kakuahidi?

Waliokuja walikuwa watu wapya. Zamani picha ya mwenye RV ilikuwa mzee mstaafu na mkewe wanaokimbia baridi kwenda Arizona na Florida. Kuanzia 2020 yadi zilijaa wazazi wa miaka thelathini na kitu, hawajawahi kuvuta hata kitoroli. Muuzaji anawaonyesha jinsi ya kumwaga tangi la maji machafu kwa dakika ishirini, wanaondoka. Wakija wengine, anawaonyesha hao.

Na sisi kiwandani? Tulikimbia zaidi. Laini iliyokuwa inatoa matrela kumi na mawili ikatakiwa itoe kumi na sita. Vijana wapya walikuwa wanaingia Jumatatu, Ijumaa wameacha, wamevuka barabara kwenda kiwanda kingine kilichoongeza dola mbili. Na vifaa vilikwisha. Baada ya ile baridi kali ya Texas, Februari 2021, viwanda vya kemikali vilisimama na sponji za magodoro na viti zikaadimika. Friji zilikuwa zinachelewa, na zile zenye injini zilikosa chasisi kwa sababu ya uhaba wa chipu. Nimeona kwa macho yangu uwanja mzima wa matrela yamekamilika kila kitu, yamekosa friji tu, yamekaa mvuani wiki sita yakisubiri.

Sasa niseme la moyoni. Mimi nilikuwa naziba paa. Paa la trela ni utando wa mpira juu ya mbao nyembamba, na kila mahali penye tundu la bomba, feni au ngazi panazibwa kwa gundi maalumu. Gundi hiyo inataka uso mkavu, safi, na mkono usio na haraka. Kuna wiki za 2021 ambazo najua hatukuupa mkono huo. Niliripoti mara mbili, nikaambiwa yatarekebishwa kwenye yadi. Huenda yalirekebishwa. Lakini maji yakiingia kwenye mbao hutayaona mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu ukuta unavimba.

#5 Bukavu_Indiana

Salaam kaka. Mimi niko South Bend, ni Mkongomani, nilifanya kazi hiyo hiyo 2021 na 2022. Unasema kweli. Wakati ule sisi tuliokuwa wageni tulipata kazi bila kuulizwa Kiingereza. Nilikuwa nafunga makabati, napata mshahara ambao sikuwahi kuota. Nililipa ada za wadogo zangu watatu Bukavu kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo siwezi kusema ubaya wa wakati ule moja kwa moja.

Lakini Oktoba 2022 tukaitwa kantini. Wakasema shifti ya pili imefungwa. Sisi tulioingia mwisho ndio tulitoka kwanza. Nilikuwa nimeshachukua mkopo wa gari.

#6 MsafiriRhein

Naongezea ya Ujerumani. Hata huku ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2020 usajili wa magari-nyumba na matrela mapya ulivuka 100,000 kwa mara ya kwanza, na kati ya hayo yenye injini yalikuwa zaidi ya 78,000. Wajerumani wengi walizoea kwenda Uhispania au Uturuki kwa ndege, mwaka ule wakagundua Bahari ya Baltiki. Halafu chasisi za Fiat Ducato, ambazo karibu kila kiwanda cha Ulaya kinazitegemea, zikaadimika, watu wakasubiri gari miezi kumi na nane. Tofauti ninayoiona: huku soko la yenye injini halikuanguka kama la matrela ya Marekani. Wajerumani wengi wananunua kwa akiba ya muda mrefu, na gari ni dogo, wanaenda nalo hata sokoni.

#7 DerevaMkongwe

Shikamooni mliotangulia, marahaba kwa vijana.

Mimi nilikuwa upande wa kusafirisha. Nina pikapu yangu ya tani moja. Unachukua trela jipya Elkhart, unaingia barabara ya kulipia ya 80/90, unalipeleka yadi, Oregon, Georgia, kokote. Unalipwa kwa maili ya kwenda tu. Kurudi ni juu yako.

Mwaka 2021 nilikuwa nafika yadi, kabla sijafungua mnyororo mteja ameshasimama pembeni na funguo za gari lake. Trela limeuzwa likiwa njiani. Yadi zilikuwa tupu, nyasi tu. Nilimaliza mwaka nikiwa nimelala kitandani kwangu siku zisizofika themanini.

Mwaka 2023 nikafika yadi moja kusini, meneja akatoka nje akaniambia naomba urudi nalo. Nikamwambia mzee, siwezi, nimeagizwa. Akaninyooshea kidole: safu na safu za matrela ya 2022 hayajauzwa, na kila mwezi analipa riba ya benki kwa kila moja. Yule mtu alikuwa anakaribia kulia. Hapo nilijua.

Nataka mleta uzi aeleze kwa nini ilianguka ghafla vile, maana wengi wanasema ni mafuta tu.

#8 FundiPaa (mleta uzi)

Marahaba... hapana, shikamoo wewe mzee wangu, nimeandika kinyume. Umenifundisha jambo hapo kwa meneja.

Mafuta yalichangia. Juni 2022 wastani wa galoni nchi nzima ulivuka dola 5, na pikapu inayovuta trela kubwa inakunywa galoni moja kwa maili nane au kumi. Lakini tazameni tarehe. Machi 2022 viwanda vilitoa zaidi ya RV 64,000 kwa mwezi mmoja, mwezi mkubwa kuliko wote katika historia ya kazi hii. Mwezi huo huo benki kuu ilianza kupandisha riba. Kufikia Julai 2023 riba ya msingi ilikuwa imetoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Sasa RV hainunuliwi kama simu. Inakopewa miaka kumi na tano, hata ishirini. Riba ikipanda, trela lile lile linakuwa ghali bila bei yake kubadilika.

Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu niliyeona kutoka ndani, ni kwamba waliotaka walikuwa wameshanunua. Yule ambaye angenunua 2023, na yule ambaye angenunua 2025 akistaafu, wote walinunua 2021. Ng'ombe wa kuuzwa kwa miaka mitatu tuliwauza kwa msimu mmoja, halafu tukashangaa zizi likiwa tupu. Matokeo: 2022 zilishuka hadi 493,000, na 2023 zikawa 313,174. Chini ya 2019! Chini ya kabla ya korona. Mwaka 2024 zilipanda kidogo tu, kama 333,700.

Mimi nilitolewa Mei 2023. Sasa hivi nakarabati mapaa ya matrela, biashara yangu mwenyewe. Mengi ninayoyafungua yana tarehe za 2021 na 2022.

#9 KipangaWaTanga

Mkuu hapo kwenye mkopo weka mfano wa namba, sisi wengine tunaelewa kwa namba.

#10 FundiPaa (mleta uzi)

Sawa. Mteja wangu mmoja, simtaji, ndivyo yalivyomkuta. Amekopa dola 40,000 mwaka 2021, riba asilimia 6.5, miaka 15. Kila mwezi analipa kama dola 348. Baada ya miaka mitatu ameshatoa zaidi ya dola 12,500. Unadhani deni limebaki ngapi? Karibu 34,800. Nyingi ya pesa zake zimekwenda kwenye riba. Na trela lile yadi ilimpa bei ya 23,000. Akiuza leo, lazima atoe mfukoni karibu dola 12,000 ili aachane nalo. Hawezi. Kwa hiyo limekaa nyuma ya nyumba, analipia bima, na alilitumia mara nne.

Huyo ndiye mtu ambaye binamu yangu anataka kuwa, mara mbili. Kwa sababu trela lililokaa halisubiri janga likiwa zima. Tairi zinakauka, gundi ya paa inapasuka, panya wanaingia kwenye waya. Si mchele huu, wakuu.

#11 BintiNairobi

Habari zenu. Naona mnaongea Marekani tu, niseme ya kwetu kwa ufupi kwa sababu tabia ya kusafiri ilibadilika hata pasipo RV.

Kenya ndege za nje zilisimama 25 Machi 2020 hadi 1 Agosti. Na Nairobi ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, tangu Aprili hadi Julai 7. Siku ilipofunguliwa, watu walitoka kama maji. Naivasha, Nanyuki, Maasai Mara kwa bei ya mwenyeji, lodge ambazo zamani hazikuwa zinatujibu hata barua pepe zilianza kututafuta wenyewe. Mimi na dada yangu tulikodi Land Cruiser yenye hema la juu ya paa, tukazunguka Laikipia siku sita. Kabla ya hapo nilidhani hiyo ni michezo ya watalii. Tangu mwaka huo tunakwenda kila Desemba.

Swali langu kwa mleta uzi: huko kwenu, ile tabia imebaki au imeondoka na mauzo?

#12 FundiPaa (mleta uzi)

Dada BintiNairobi, hili ndilo swali nililotaka mtu aniulize. Imebaki, tena imebaki kwa sura ambayo mauzo hayaionyeshi.

Tazama hifadhi za taifa. Mwaka 2020 wageni walishuka hadi milioni 237 kutoka milioni 327, kwa sababu zilifungwa masika na wageni wa nje hawakuwepo. Mwaka uliofuata wakarudi milioni 297, na sehemu kama Yellowstone zilijaa kuliko wakati wowote: Julai 2021 peke yake ilipokea zaidi ya milioni moja, haijawahi kutokea hapo kabla. Arches kule Utah walikuwa wanafunga geti asubuhi kwa sababu maegesho yamejaa, ndipo 2022 wakaanza kukata tiketi za saa maalumu.

Ninachokiona kwa wateja wangu: Kwanza, safari zimekuwa fupi na za karibu. Zamani mtu alikuwa anaota kuzunguka nchi nzima miezi mitatu, sasa anatoka Alhamisi jioni, anafanya kazi Ijumaa akiwa kambini, anarudi Jumapili. Intaneti ya setilaiti imesaidia sana. Starlink walianza kuuza ya kwenye RV mwaka 2022, na leo karibu kila trela la tatu ninalopanda juu yake lina ile sahani. Pili, ule uhuru wa kuondoka tu bila mpango umekufa. Kambi za serikali zinafungua nafasi miezi sita kabla, na zile nzuri zinaisha asubuhi hiyo hiyo. Wazee wanalalamika kwa haki: walinunua RV ili wasiwe na ratiba.

Na tatu, watu wamejifunza kukodi. Hii kwangu ni habari njema. Kuna mitandao ya kukodisha kutoka kwa mwenye gari moja kwa moja, kama ile ya nyumba. Familia inakodi siku tano, wanajua kama mama anaweza kulala kwenye kitanda kile, kama watoto wanagombana mvua ikinyesha. Wengine wanagundua hawapendi. Wametumia dola elfu moja kujua hivyo badala ya elfu arobaini.

#13 MuuguziMwema

Usisahau wanaoishi humo kabisa, kaka. Mimi baada ya 2020 nilifanya uuguzi wa mikataba, miezi mitatu mji huu, mitatu mji ule. Wengi wetu tulikuwa tunaishi kwenye RV, kwa sababu kodi ya nyumba ya muda mfupi ilikuwa inakula mshahara wote. Hata leo kambi nyingi karibu na hospitali kubwa na karibu na miradi ya ujenzi zina watu ambao hawako likizo. Janga jingine likija, kabla ya mtu wa likizo, sisi ndio tutazihitaji kwanza.

#14 HesabuKali

Mleta uzi nakuheshimu lakini nakupinga. Unasema binamu asinunue. Lakini walionunua Januari 2020 na kukodisha majira ya joto walirudisha pesa zao haraka mno. Mwaka 2021 matrela yaliyokwisha kutumika yaliuzwa kwa bei ya mapya. Hiyo ni fursa halisi, wengine walijenga nyumba Tanzania kwa fursa hiyo. Anayejua inakuja anafaidi.

#15 FundiPaa (mleta uzi)

Mkuu HesabuKali, ni kweli walikuwepo, na ninamjua mmoja. Lakini yeye hakununua Januari 2020 kwa kungoja janga. Alikuwa nazo tayari kwa biashara yake ya kukodisha na alikuwa anazitunza. Janga lilimkuta kazini.

Anayenunua kwa kungoja anahitaji kubahatisha mambo mawili: lije lini, na liwe la aina gani. Korona iliua zaidi wazee na ikawaachia wengi nguvu za kusafiri. Fikiria ugonjwa unaobana watoto. Nani atakwenda kambini? Fikiria serikali haitoi hundi. Fikiria mafuta dola 5 siku ya kwanza. Na tusisahau ile Aprili: hata korona yenyewe, kwa wiki sita za mwanzo, iliua biashara hii kabisa. Kambi zilifungwa, mipaka ya Kanada ikafungwa Machi 21 kwa safari zisizo za lazima, na viwanda kimya. Wenye mikopo ya matrela ya kukodisha walilipa Aprili na Mei bila mteja hata mmoja. Kuna waliouza kwa hasara mwezi ule, na walionunua kwao ndio waliofaidi.

#16 DerevaMkongwe

Hapo kwa Kanada, vijana, niliona kitu. Wazee wa Kanada wanaokwenda Arizona na Florida kila majira ya baridi hawakuruhusiwa kuvuka kwa barabara, lakini ndege ziliruhusiwa. Basi wakawa wanapanda ndege, na gari-nyumba linavushwa na dereva wa mizigo kama bidhaa. Wanakutana nalo upande wa pili. Mtu wa miaka sabini na tano anafanya hivyo katikati ya janga. Tabia ya kusafiri ikishaingia mwilini haitoki kwa amri.

#17 NgarambaJr

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Indianapolis, nina familia ya watu watano, sitaki biashara, nataka letu la kwenda mapumziko. Kuna trela la 2021 linauzwa dola 17,000 na mwenyewe, linaonekana zuri. Nikimbie?

#18 FundiPaa (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Usikimbie, lakini usilipe kianzio kabla hujafanya haya.

Panda juu ya paa. Mwenyewe akikukataza, ondoka. Angalia gundi kuzunguka kila feni na bomba. Ikiwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, jua. Kisha ingia ndani, bonyeza kwa kidole gumba kwenye pembe zote nne za dari, chini ya madirisha, na ukuta wa mbele nyuma ya kitanda. Pakibonyea kama mkate, hilo ni bovu, hata akikupa kwa elfu tano. Nenda siku moja baada ya mvua kubwa, unuse kabati za chini. Tairi zina namba nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikiishia 21 hizo ni za kubadilisha, hesabu dola mia sita hivi. Kama lina sehemu ya chumba inayotoka nje kupanua nafasi, ijaribu: itoke na kurudi mara tatu bila kulia. Na gari lako: fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kinachosema linabeba uzito gani. Wengi wanaangalia uwezo wa kuvuta tu, wanasahau watoto watatu, maji na mizigo.

Nitumie picha ya kibandiko cha trela kwenye ujumbe binafsi, nione limetengenezwa mwezi gani. Kama ni kati ya Machi na Agosti 2021, nakuja mwenyewe Jumamosi na kipima unyevu. Sitaki malipo. Huenda nimeliziba mimi.

#19 BinamuOhio

Nimejiunga hapa kwa ajili ya uzi huu tu. Binamu, nimesoma mara mbili. Miadi ya yadi nimeifuta, mke wangu anakusalimia sana. Lakini Julai nataka tukodi moja, wiki nzima, sisi na ninyi, ufukwe wa Ziwa Michigan. Yule mtoto wa korona hajawahi kulala nje.

#20 FundiPaa (mleta uzi)

Tunakuja. Weka nafasi ya kambi usiku huu huu, usingoje wikendi. Na usichague trela mpaka niwe nimepanda juu ya paa.